Mifuko Mitatu ya Kitambaa cha Mwavuli

Wanafunzi walimwita Mama Cherehani, wakidhani ni jina la heshima. Walilikuta pale shuleni kama walivyoikuta kengele na mlingoti wa bendera, nao wakalichukua bila kuuliza limetoka wapi. Hawakujua kwamba jina hilo lilitupwa kwa mara ya kwanza msibani, na aliyelitupa alikuwa wifi yake. "Muulizeni Mama Cherehani," wifi alisema siku ile, kwa sauti iliyofika hadi barabarani. "Cherehani yake imeshiba, imekula mtoto." Waliokuwa wanalia walinyamaza kidogo ili wasikie vizuri, kisha wakaendelea kulia. Jina likabaki. Miaka ishirini na miwili mwenyewe aliliitikia, mpaka likawa kama ncha ya sindano iliyokatikia kidoleni: haiumi kila siku, lakini imo.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya maabara, kati ya stoo ya viti vibovu na bomba la maji. Humo alishona sare, akapinda mapazia, akatia viraka makoti meupe yaliyotobolewa na tindikali. Cherehani ilikuwa ya miguu, nyeusi, maua yake ya dhahabu yamefutika pale mkono unapopita na kubaki pale mkono usipofika. Ilikuwa ile ile iliyosemwa msibani. Siku alipoachwa, ndugu wa mume walibeba kitanda, kabati, hata ndoo, lakini cherehani hakuna aliyeigusa. Walimwachia kama mtu anavyomwachia muuaji kisu chake.

Mtoto alikuwa mmoja tu, msichana, na alikufa akiwa na miaka kumi na mmoja. Alipenda kuketi kwenye kigoda karibu na mama yake na kuweka miguu yake juu ya miguu ya mama, wakakanyaga pamoja. Alikuwa akisema anaendesha gari. Kisha magoti yakaanza kumuuma, yakipoa magoti vinauma viwiko, na baada ya hapo pumzi ikawa fupi. Baba yake aliwapeleka hospitali. Daktari alisikiliza kifua, akawaita watu wazima ndani, lakini mtoto alikuwa analia, kwa hiyo mama alibaki naye kwenye benchi na baba akaingia peke yake. Alitoka na karatasi. Juu yake daktari alikuwa amechora kitu, na chini ya mchoro ameandika mistari.

Walipofika nyumbani mama aliuliza karatasi inasema nini. Yeye hakujua kusoma. Alitolewa shule mwaka wa pili ili abebe mapacha wa mama yake wa kambo. Kaka zake waliendelea, yeye akaendelea na mapacha. Mumewe ndiye aliyekuwa msomaji wa mtaa. Alikuwa na magazeti mawili matatu aliyoyakunja vizuri mfukoni mwa shati, na watu walipokuwa na barua walimwendea. Aliitazama karatasi kwa muda mrefu. Kisha akasoma: "Mtoto asifanye kazi nzito." Akaikunja.

Mama alimtoa mtoto kwenye cherehani siku ile ile. Miezi minne baadaye mtoto alikufa, miguu imevimba kama mito, na ule mstari mmoja ukageuka hukumu. Kazi nzito ni ipi, kama si kukanyaga cherehani? Mume hakumtetea. Alisema mbele ya watu kwamba daktari aliandika na yeye alisoma, basi. Kabla mwaka haujaisha alikuwa na mke mwingine.

Karatasi ile mama aliiokota kwenye takataka za kuhama, akaiweka kwenye saraka ndogo ya cherehani, chini ya chaki na vibobo vya uzi. Hakumpa mtu mwingine aisome. Angeweza, alifanya kazi shuleni, na shule imejaa watu wanaosoma. Lakini alijua moyoni mwake kwamba maneno yale yakitoka kinywa cha pili yatakuwa mashahidi wawili. Shahidi mmoja alimtosha. Kwa hiyo alishona. Watu waliosoma walikuja kupimwa viuno, naye akawapima, na kichwani mwake akawa anawaza kwamba elimu ni kitu ambacho wengine hupewa ili wakusomee hukumu yako.

Mwaka huo mwalimu wa biolojia alikuja chumbani kwake bila nguo ya kushona. Alikuwa mwanamke kijana, mwembamba, mwenye haraka. Nyuma yake alisimama mwalimu wa uchoraji, mzee aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, ndevu zake hazikosi tone la rangi. Walikuwa na shida moja. Moyo wa plastiki wa maabara ulianguka ukapoteza nusu yake, na wanafunzi sasa walijifunza moyo kwa kunakili mchoro wa ubaoni. Kila daftari lilikuwa na kitu kama kiazi chenye mishale. Shida ya pili ilikuwa chumba cha uchoraji. Mkuu wa shule alitaka kukitia kompyuta, kwa sababu uchoraji, alisema, ni somo la wanaoshindwa hesabu. Akawapa muhula mmoja wamwonyeshe kwamba chumba kile kinaweza kumfundisha mtu sayansi. Wakishindwa, meza za rangi zitoke.

"Mimi na chumba changu tutastaafu pamoja," mzee alisema, "ila mimi nitapewa saa ya ukutani."

"Mama," mwalimu wa biolojia akasema, "tunataka kushona moyo."

"Moyo wa nani?"

Walicheka, lakini yeye hakuwa ametania sana. Akawaambia kwamba yeye hakusoma, waende wakatafute fundi mwenye cheti. Yule mzee akajibu kwamba ndiyo maana wamekuja kwake. Wao waliosoma wameshashindwa.

Basi akaenda. Mara mbili kwa wiki alibeba mkasi wake na kiboksi cha sindano hadi chumba cha uchoraji, na wanafunzi ishirini na wanne wakakaa mezani kama mafundi wanafunzi. Alianza na jambo ambalo kwake halikuwa somo hata kidogo. Aliwaonyesha kwamba kitambaa ni bapa na mwili si bapa, na kazi yote ya fundi ni ugomvi kati ya hayo mawili. Ukitaka kiwe duara, lazima ukate, ubane, utoe kipande kisichohitajika. Walikata karatasi kwanza. Mwalimu wa uchoraji aliwafundisha kuchora umbo kutoka pande nne, mwalimu wa biolojia aliwaeleza vyumba vinne na damu inaingia wapi na kutoka wapi, na wao, kwa sindano zisizojua njia, walishona vyumba hivyo kwa vitambaa vyekundu na vya bluu vilivyosalia kwenye sare. Walijichoma. Waliojichoma sana walikuwa wale waliokuwa wa kwanza kwenye hesabu, na hilo lilimfurahisha Mama Cherehani kuliko alivyotaka kuonyesha.

"Vidole vyako vina shahada lakini havina akili," alimwambia mmoja, na darasa zima likacheka, hata mwenye vidole.

Walipofika kwenye vali, mambo yakakwama. Mwalimu wa biolojia alieleza kwamba mahali damu inapotoka moyoni pana mlango wa kuizuia isirudi, nao una vipande vitatu vyenye umbo la nusu mwezi. Wanafunzi waliandika nusu mwezi. Alipoulizwa mlango unajifungaje bila mtu wa kuusukuma, aliandika tena nusu mwezi ubaoni na kuupigia mstari.

Mama Cherehani alikivuta kitabu. Maneno hakuyaona, aliona picha. Akaitazama kama anavyotazama nguo ya mtu mwingine barabarani, akiitafuta mishono.

"Hii ni mifuko," alisema.

"Mifuko gani, mama?"

"Mifuko ya shati. Mitatu, imeshonwa ndani ya bomba, midomo yote inatazama juu. Damu ikipanda, inailaza ukutani, inapita. Ikitaka kurudi, inaingia mifukoni. Mfuko ukijaa unafura. Yote mitatu ikifura, inakutana katikati. Nani apite tena?"

Mwalimu wa biolojia alikuwa amefundisha vali kwa miaka sita. Alisimama na chaki mkononi akikitazama kitabu chake mwenyewe kana kwamba kimebadilishwa. Kisha akafuta nusu mwezi ubaoni, akaandika: mifuko mitatu, midomo juu.

Waliamua kila kundi litengeneze vali yake na kuijaribu kwa maji. Kitambaa kilitoka kwenye miavuli mibovu, kwa kuwa hakipitishi maji. Kila kundi lilikata chupa kubwa ya plastiki juu na chini ikawa bomba linaloonekana ndani, wakashona mifuko yao mitatu kwenye ukosi wa kitambaa, wakaubandika ukosi humo. Mama Cherehani naye alishona ya kwake, ya kuwekwa kwenye moyo mkubwa utakaoonyeshwa siku ya wazazi. Aliishonea nyumbani kwa mkono, mchana wa Jumapili, mlango wazi. Aliikata sawasawa, na midomo ya mifuko akaikunjia pindo, mara mbili, pindo jembamba lililonyooka kama mstari wa rula, kwa sababu fundi asiyekunja pindo, alivyofundishwa, ni mshona magunia.

Ijumaa walijaribu. Vali za wanafunzi zilikuwa mbaya kutazamwa. Midomo haikukunjwa, nyuzi zimening'inia. Walisukuma maji kutoka chini kwa mpira wa bomba, yakapita. Wakamimina kutoka juu. Mifuko ikajaa, ikafura, ikagusana, na maji yakasimama juu yake kama yaliyowekwa kwenye bakuli. Kundi la kwanza lilipiga makofi. La pili pia. Kisha ikaletwa vali ya fundi, na wote wakasogea.

Maji yalipita vizuri kutoka chini. Yalipomiminwa kutoka juu, mifuko ikajaa, ikafura, ikasogeleana, ikakaribia, ikaishia hapo. Maji yakaanza kudondoka. Hayakumwagika kwa fujo. Yalishuka polepole, tone baada ya tone, kisha uzi mwembamba, mpaka bakuli la juu likawa tupu.

Hakuna aliyecheka. Mwanafunzi mmoja alisema labda chupa imepasuka, kwa adabu. Mama Cherehani alihisi joto masikioni. Mwalimu wa biolojia aliingiza vidole, akapapasa midomo ya mifuko.

"Hizi kingo ni nene, mama," alisema. "Ni pindo lako. Pindo limefanya kingo ziwe ngumu, haziwezi kukutana." Akageukia wanafunzi, na kwa kuwa alikuwa mwalimu hakuweza kuliacha hivi hivi. "Tazameni, kwa sababu hili lipo kweli. Kuna watoto wanaougua koo, wasipopata dawa ugonjwa unashuka hadi kwenye moyo. Kingo za vali zinakuwa nene, zinajikunja, kama hivi. Damu inarudi nyuma. Moyo unafanya kazi ile ile mara mbili, mara tatu, mpaka unachoka. Kwanza viungo vinauma, vinahama hama. Kisha pumzi, kisha miguu inavimba."

Aliendelea kueleza. Mama Cherehani hakuwa anamsikia tena. Alikuwa ameinama juu ya chupa, akitazama kutoka juu: mduara, ndani yake mikunjo mitatu imeelekeana, na katikati, mahali palipotakiwa kufungwa, tundu la pembe tatu, dogo kama tundu la kifungo.

Picha hiyo alikuwa ameiona. Alikuwa nayo.

Alitoka bila kuaga, akaenda chumbani kwake. Alivuta saraka ya cherehani mpaka ikatoka yote, chaki na vibobo vikamwagika sakafuni, akaifungua karatasi iliyokuwa imeanza kukatika kwenye mikunjo. Miaka ishirini na miwili alidhani daktari alichora ua, labda kwa sababu mtoto alikuwa analia. Haikuwa ua. Ilikuwa mduara, mikunjo mitatu, na katikati daktari amekoleza wino kwenye nafasi ndogo ya pembe tatu. Alikuwa ameichora kwa uangalifu, kwa ajili ya mtu asiyejua kusoma.

Mwalimu wa biolojia alimkuta ameketi sakafuni kati ya vibobo. Aliona karatasi.

"Nisomee," Mama Cherehani alisema. "Yote. Usiruke."

Mwalimu alichutama. Mwandiko ulikuwa wa haraka, maneno mengine ya kidaktari, alisoma mara mbili kimya kabla hajafungua mdomo. Ilikuwa mistari sita. Vali ya moyo ya mtoto haifungi. Imeharibiwa na homa iliyoanzia kooni. Achomwe sindano kila mwezi, asikose hata mmoja. Arudi baada ya wiki tatu kuchukua barua ya hospitali kubwa. Miguu ikivimba aletwe siku hiyo hiyo. Asifanye kazi nzito.

"Huo wa mwisho ndio alionisomea," Mama Cherehani alisema.

Nje mtu alikuwa anajaza ndoo bombani. Mwalimu aliuliza, taratibu, ni nani, naye akaambiwa, kwa maneno machache kuliko haya yaliyoandikwa hapa. Kisha Mama Cherehani akauliza swali ambalo alikuwa amelikalia miaka yote hiyo.

"Kukanyaga cherehani kunaweza kufanya kingo zile kuwa nene?"

"Hapana, mama. Hakuwezi."

"Usinionee huruma."

"Sikuonei. Kungemchosha, kama kupanda ngazi kungemchosha. Lakini vali ilikuwa imeshaharibika. Ilianzia kooni."

Mama Cherehani alifikiri. "Koo lake liliuma mwaka wa kabla. Nilimpa maji ya chumvi asukutue. Likapona."

Mwalimu alisema kila mama angefanya hivyo.

"Nimekusikia. Hilo la koo ni langu, nitalibeba mwenyewe, nililifanya kwa mikono yangu na kwa kutojua. Lakini la cherehani," akasimama, akaanza kuokota vibobo kimoja kimoja, "la cherehani nilibebeshwa."

Alishona vali nyingine bila pindo, kingo akazikata kwa kisu kilichopashwa moto ili nyuzi zisichomoke. Ile yenye pindo hakuifumua. Mwalimu wa uchoraji ndiye aliyeomba wafanye mioyo miwili, mzima na mgonjwa, na akakaa siku mbili na wanafunzi wakitafuta rangi ya damu iliyochoka. Walipata kitu kati ya zambarau na kijivu. Mzee alisema hajawahi kuona darasa likibishana juu ya zambarau, na kwamba sasa anaweza kufa, ila si kabla ya kupewa saa yake.

Siku ya wazazi ukumbi ulijaa. Mkuu wa shule alipita na wageni akiwaambia "sisi tuliona mapema umuhimu wa sanaa katika sayansi", na mwalimu wa uchoraji akainamisha kichwa kutazama viatu vyake. Chumba kilipona kwa mwaka mmoja. Mama Cherehani aliwekwa nyuma ya meza ya mioyo, amevaa gauni lake la kitenge cha kijani, kuwashikia wanafunzi mpira wa maji.

Alijua kwamba aliyekuwa mumewe angekuja. Kitinda mimba wake wa mke wa pili alikuwa kidato cha kwanza, na mwanzo wa mwaka alimwona getini, nywele zimekuwa nyeupe, gazeti bado limo mfukoni mwa shati. Tangu siku ile alimkwepa, naye akamkwepa. Sasa alikuja na msururu wa wazazi, akajikuta mbele ya meza, na nyuma yake watu wamesongamana. Hakuwa na pa kurudi.

"Habari za siku," alisema.

"Nzuri. Shika hii." Akampa jagi la maji. "Mimina kwenye moyo huu."

Alimimina. Maji yakasimama.

"Sasa kwenye huu."

Alimimina. Maji yakaanza kudondoka, tone, tone, uzi. Aliyatazama hadi yalipoisha. Kwa kuwa watu walikuwa wanatazama, akauliza, kama mzazi yeyote, ni nani ameshona huu mbovu.

"Mimi. Ingiza mkono, shika kingo. Zimekuwaje?"

"Nene."

"Ndivyo alivyokuwa mwanao."

Alimwekea karatasi mezani, mbele ya moyo wa zambarau. Hakuhitaji kumwambia ni ipi. Wazazi waliokuwa nyuma walipita pembeni wakidhani ni mazungumzo ya ada.

"Imesomwa," Mama Cherehani alisema. "Mistari sita. Wewe ulinisomea mmoja."

Alitarajia aseme mambo mengi. Alikuwa ameyajibu yote kichwani, mengine mara elfu. Kwamba ya kale hayanuki. Kwamba Mungu alimpenda mtoto zaidi. Lakini yule mwanaume aliitazama karatasi, kidole chake kikafuata maneno kama kinavyofuata kidole cha mtoto anayeanza shule, kikakwama pale pale mstari wa kwanza.

"Sikuweza," alisema. Sauti ilikuwa ndogo. "Mwandiko ule. Daktari naye alisema haraka haraka, na nilikuwa nasema ndiyo, ndiyo. Mstari wa mwisho ndio niliouelewa. Watu wote walijua mimi ni msomaji. Ningekwambia nini?"

"Ungeniambia hujui. Na mimi sikujua. Tungekwenda pamoja kwa anayejua."

"Nilisema kesho nitamwomba mtu. Kisha kesho nyingine."

"Na msibani?"

Yule mwanaume alinyoosha mkono. Alitaka kuichukua karatasi. Mama Cherehani akaiwekea mkono juu.

"Yale ni ya zamani, mama," alisema mwishowe. "Yamepita."

"Yamekupita wewe. Mimi nimeitwa kwa jina la msibani mpaka leo, na watoto hawa wananiita bila kujua." Hakupaza sauti, wanafunzi wawili walikuwa hatua tatu tu kutoka hapo, wanajaza jagi. "Sikutaki na sitaki chochote chako. Ulinisema mbele ya watu. Nenda kawakusanye waliobaki wa siku ile, useme mbele yao. Dada yako awe wa kwanza."

Aliondoka bila kuahidi. Mama Cherehani aliwashikia watoto mpira hadi jioni, na kila mzazi aliyefika alieleza mifuko mitatu, midomo juu.

Wiki mbili zilipita. Hakungoja, au alijiambia hangoji. Jumamosi moja asubuhi, akiwa anaambatisha ukosi kwenye shati, aliona kivuli mlangoni. Wifi alikuwa ameegemea fimbo, amezeeka, miguu yake imejaa ndani ya viatu vilivyokatwa kisigino. Kaka yake, yule aliyekuwa mume, alimshika kiwiko. Nyuma yao walisimama wazee wawili waliokuwepo msibani; wengine wa siku ile walikuwa wameshazikwa. Mama Cherehani hakusema karibuni. Miguu yake iliendelea kukanyaga.

Yule mwanaume alivua kofia akaishika kifuani. Alisema kwa kifupi, akitazama sakafu, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa hapo kwa herufi kubwa. Kwamba karatasi ya daktari hakuweza kuisoma. Kwamba alisoma mstari mmoja na kunyamazia mitano, na katika hiyo mitano kulikuwa na sindano na tarehe ya kurudi. Kwamba mtoto hakuuawa na cherehani wala na mama yake, na yeye alijua kwamba hajui, akaacha watu waseme.

Cherehani ikasimama. Mzee mmoja alikohoa, akasema tumesikia.

Wifi alikitazama chumba, rafu za sare, mkasi, cherehani yenyewe, akaitazama sana.

"Tulikuwa na uchungu," alisema. "Tulitafuta mtu."

"Mkanipata."

"Tukakupata," wifi akaitikia, bila kukataa.

Ilikuwa hiyo tu. Mama Cherehani aliwahi kuiwaza siku hii kwa namna nyingi, akiwa amesimama, akiwa anapiga kelele, akiwafungia mlango. Katika zote hakuwaza kwamba ukosi wa shati ungebaki chini ya sindano, umeshonwa nusu, na kwamba yeye angekuwa anautazama huo.

"Wifi," yule mwanamke mzee akasema. Miaka ishirini na miwili hakumwita hivyo. "Wifi, miguu inaniuma."

Chumbani kulikuwa na kiti kimoja, alichokalia mwenyewe, na kile kigoda alichokuwa akikalia mtoto. Alikitazama, muda wa kutosha kwa wote kuuhesabu. Kisha akanyoosha mguu, akakisukuma kigoda kikaburuzika sakafuni hadi mbele ya fimbo. Wifi alishuka juu yake polepole, akashusha pumzi. Wanaume hawakupewa kitu. Walibaki wamesimama mlangoni, na Mama Cherehani akaugeuza ukosi, akaunyoosha kwa kidole gumba, akaendelea kukanyaga.